Re: Pikipiki ya 125: yenye ABS au yenye CBS?

Kutoka: Mgeni wa Sheffield

Wakubwa shikamooni, wengine habari za baridi.

CBT (mafunzo ya lazima ya pikipiki hapa Uingereza) nimeshaipata, kibao cha L cha mwanafunzi nimeshatundika, sasa natafuta pikipiki ya cc 125 ya kwendea kazini. Niko zamu ya usiku ghalani na saa 10 alfajiri basi hakuna. Nimeona mbili za mtumba kwa muuzaji mmoja: moja ina breki za ABS, nyingine za CBS, bei zimepishana pauni 400. Muuzaji anasema ni kitu kile kile. Mimi Boxer nimeiendesha Tanga miaka sita, abiria wawili na gunia la mkaa juu, sijawahi kuhitaji kompyuta inishikie breki. Niilipe hiyo 400, au ninunue nguo za mvua za maana?

---

Kutoka: Kaka wa Manchester

Marahaba mdogo wangu. Hapo muuzaji anataka kukuingiza mjini.

CBS inaunganisha breki tu. Ukikanyaga ya nyuma, na ya mbele inakamata kidogo. Lakini ukibana kwa pupa kwenye utelezi, tairi inaganda vilevile, yaani inaacha kuzunguka, na unakwenda chini. ABS ina sensa inayohesabu mzunguko wa gurudumu. Ikiona linataka kuganda, inalegeza breki na kubana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Sheria ya Ulaya ilipobana mwaka 2016, aina mpya zinazozidi cc 125 zililazimishwa ABS. Za 125 kiwanda kikaachiwa kichague ABS au CBS, ndiyo maana umezikuta mbili tofauti uwanja mmoja. Na uliza: nyingine ABS yake iko gurudumu la mbele peke yake. Si mbaya, ila ujue.

Sasa nikwambie yaliyonikuta. Napeleka vyakula. Novemba, manyunyu, karibu na kituo cha tramu, kijana akashuka barabarani macho kwenye simu. Nikabana. Mkono wa breki ukaanza kunipiga vidoleni, trrrr, kama umeshika mashine ya kunyolea. Mimi nikadhani breki imekatika, nikaachia! Nikabana tena, nikasimama begi lake likigusa kioo changu. Supu yote ilimwagika ndani ya boksi na mteja akanipa nyota moja.

Ule mtetemo ndiyo ABS yenyewe inafanya kazi. Usiachie, na usipampu kama tulivyozoea. Bana, kaza, tulia. Jumapili iliyofuata nilikwenda uwanja mtupu wa kuegesha magari, nikaanza na mwendo mdogo, nikabana mpaka vidole vikauzoea.

Halafu hayo mazoea yako ya Boxer ndiyo ya kuangalia. Nyumbani tulifundishwa "usiguse ya mbele, utapinduka", na kwenye mchanga na kokoto ilikuwa busara. Kwenye lami, ukifunga breki uzito wote unakuja mbele, tairi ya nyuma inakuwa nyepesi, haina cha kushikia. Ukinunua ABS halafu ukaendelea na breki ya mguu peke yake, hiyo 400 umeitupa. Ukienda kufanya Module 1, ule mtihani wa leseni wa uwanjani, watakutaka usimame ghafla ukiwa kilomita 50 kwa saa, na mguu pekee hautakufikisha.

---

Kutoka: Dada wa München

Namuunga mkono kaka, ila asije akadhani amevaa hirizi.

ABS ya kawaida inajua gurudumu linazunguka au limeganda. Haijui kama pikipiki imelala kwenye kona. Zipo zenye sensa ya mlalo, kampuni ya Bosch waliitoa na pikipiki ya KTM 1190 Adventure ya 2014, lakini kwenye 125 za mtumba usizitafute. Kwa hiyo maliza breki kabla ya kona. Na huko Sheffield mna reli za tramu: zivuke pikipiki ikiwa wima, ukizikata karibu na pembe mraba, bila breki wala kuongeza mafuta. Hapo hakuna kompyuta itakayokuokoa.

La pili ni taa. Ukiwasha swichi, taa ya ABS lazima iwake. Ukianza kutembea, lazima izime. Isipozima, mfumo una hitilafu na ukaguzi hutapita. Isipowaka kabisa, shuka uondoke. Mimi niliuziwa ambayo taa yake imefichwa kwa utepe mweusi. Fundi aliyebadilisha tairi alikuwa amepinda ile pete yenye matundu inayosomwa na sensa. Pete bei ndogo, ufundi ndio ulionikamua.

---

Kutoka: Mgeni wa Sheffield

Ahsanteni sana. Leo nimerudi. Nimewasha swichi ya ile yenye ABS, nimeinama nikaziba mwanga kwa kiganja. Taa haikuwaka. Muuzaji: "Ni balbu tu hiyo." Nikamwambia abadilishe nikiwa hapohapo nimesimama, akakumbuka ana simu ya kupokea.

Kuna nyingine Rotherham, Jumamosi saa 4 asubuhi. Mwenye gari na nafasi anipitie, mafuta juu yangu. Na kaka wa Manchester, ule uwanja wa mazoezi mlinzi hakufukuzi?

---

Kutoka: Kaka wa Manchester

Ananifukuza. Nenda kabla ya saa 2.