Bosi akitoroka kesi, anayebaki kortini ni nani?

KONDELE: Jana kwa kinyozi tulivutana kuhusu Carlos Ghosn, yule aliyekuwa bosi wa Nissan na Renault. Alikamatwa Tokyo Novemba 2018, akidaiwa kuficha sehemu ya malipo yake na kutumia pesa za kampuni kwa mambo yake. Desemba 2019, akiwa nje kwa dhamana, akajikunja ndani ya sanduku la vyombo vya muziki, akapakiwa kwenye ndege ya kukodi huko Osaka, akapitia Istanbul, akatokea Beirut. Mwenyewe anakana mashtaka. Je, alikuwa na haki ya kutoroka? Mimi nasema hapana, hata kama hakuiba kitu.

NYALENDA: Omera, wewe ungengoja? Japani zaidi ya asilimia 99 ya kesi huisha kwa hatia. Polisi wanakuhoji wakili akiwa nje. Walimzuilia zaidi ya siku 100, na alipotoka wakamkataza hata kuongea na mkewe bila ruhusa ya korti. Hiyo ni kesi ama ni kumkamua mtu mpaka akiri?

KONDELE: Hayo nakubali yote. Lakini mimi nimewahi kumsimamia mtu dhamana. Karani wa chama cha mikopo, tumekua naye. Nikapeleka logibuku, hati ya umiliki wa gari langu la Probox, ikabanwa kwenye faili kwa pini yenye kutu. Siku ya kesi kutajwa, jina lake likaitwa mara tatu koridoni. Kimya. Jina la nne lilikuwa langu, nieleze kwa nini nisilipe.

Sasa mtazame Ghosn. Yen bilioni 1.5 za dhamana zilimpotea, sawa, alikuwa nazo. Greg Kelly, mshtakiwa mwenzake, alibaki Tokyo akajibu peke yake, na 2022 akapewa miezi sita ya kifungo kilichoahirishwa. Michael Taylor na mwanawe Peter, waliomtorosha, walifungwa Japani 2021. Mwenye kesi yuko kwao Lebanon, na Lebanon haikabidhi raia wake kwa nchi nyingine washtakiwe huko.

KAKAMEGA: Basi kesi iendelee bila yeye. Katiba yetu ya Kenya, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuwepo, ila kama mwenendo wake mwenyewe unaikwamisha kesi. Kutoroka ni mwenendo gani kama si huo?

NYALENDA: Mama, na nani atawauliza mashahidi maswali? Kiti kitupu? Siku ukisingiziwa wewe, ukikimbia kwa kuogopa, wakuhukumu ukiwa hujasema neno?

KAKAMEGA: Wakili wake si yuko? Aulize yeye.

NYALENDA: Wakili asiyeongea na mteja wake atauliza nini? Kondele, na yule rafiki yako, alipatikana?

KONDELE: Nasikia yuko Uganda, ana duka. Mimi nililipa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Logibuku nikarudishiwa, ina matundu mawili ya ile pini.