Naomba ushauri: jina "Unguja", maana yake na matumizi yake

Ndugu wanajamvi, natanguliza salamu na heshima. Ninahariri maelezo ya ramani ya visiwa vyetu, nami nimekwama kwenye sentensi moja: "Meli iliondoka Pemba ikaelekea Zanzibar." Kwa kuwa Pemba nayo ni sehemu ya Zanzibar, nilifuta neno la mwisho nikaandika "Unguja", jambo linalolingana na majina ya mikoa kama Kaskazini Unguja na Kusini Unguja. Hata hivyo, mwenzangu ameirudisha sentensi ya awali akisema kwamba ndivyo watu wanavyosema, na kusema kweli hata mimi nimelisikia hilo mara nyingi.

Kuhusu maana, "Zanzibar" hufafanuliwa kuwa pwani ya Wazanji, yaani watu weusi wa Afrika Mashariki kama walivyoitwa zamani. Kwa "Unguja" nimeelezwa kwamba ni "ungu" na "jaa", yaani chungu kilichojaa, maelezo ambayo yananitia shaka, kwa sababu Yaqut, mwanajiografia wa karne ya 13, anakitaja kisiwa kwa umbo la Lanjuya, na pia kuna mji wa kale wa Unguja Ukuu, ambao huenda ndio uliokipa kisiwa kizima jina. Kamusi nilizopekua zinataja kisiwa tu, bila asili ya jina.

Naomba kuuliza: je, katika maandishi rasmi inakubalika kuandika "Zanzibar" kwa maana ya kisiwa cha Unguja pekee? Na wenyeji, hasa wazee wa Makunduchi na Tumbatu, hulieleza vipi jina "Unguja"?

Natanguliza shukrani.