Kwa nini msichana wa vitabuni aokoe kijiji kwanza ndipo aruhusiwe kushika spana?

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nazungumzia vitabu vya picha vya Kiswahili vinavyouzwa kwa jina la kumtia moyo mtoto wa kike: msichana fundi, msichana rubani, msichana mcheza mpira. Ninavinunua kwa ajili ya binti yangu aliye darasa la pili, kwa fedha ambayo si nyepesi kuipata, na karibu kila kimoja kinanirudisha palepale.

Chukueni kitabu kimoja ambacho jina lake sitalitaja. Maandishi yanasema kwamba msichana anaziba pancha ya baiskeli ya babu yake. Picha ya ukurasa huohuo inamwonyesha kaka yake amechutama mbele ya gurudumu, spana mkononi, na msichana amesimama pembeni amebeba karai la maji, gauni lake jeupe halina hata doa la grisi. Aliyewahi kuziba pancha anaijua kazi hiyo: tyubu inajazwa upepo, inazamishwa majini sehemu baada ya sehemu hadi mapovu yatokee, panakaushwa, panasuguliwa kwa msasa, panapakwa solisheni na kuachwa kidogo, ndipo kiraka kibandikwe na kukandamizwa. Hatua zote hizo zinachoreka, na mtoto wa miaka saba angezifuata kwa hamu kubwa, lakini mchoraji hakuonyesha hata moja. Binti yangu, ambaye bado anaunganisha silabi, aliitazama picha akasema kuwa hicho ni kitabu cha kaka anayetengeneza baiskeli. Hakukosea, kwa kuwa mtoto wa umri huo husoma picha kabla ya maneno.

Lililoniudhi zaidi ni mwenendo wa hadithi yenyewe. Babu anamkatalia msichana kugusa vifaa vyake, kisha usiku mama mjamzito anazidiwa, baiskeli ina pancha, msichana anaiziba, anaiendesha gizani hadi zahanati na kurudi na mkunga, kijiji kinapiga vigelegele, na babu anakubali kwamba mjukuu wake anaweza kuwa fundi. Kaka yake alikabidhiwa spana ukurasa wa pili bila kumwokoa mtu yeyote. Hilo ndilo ninalolilalamikia: mvulana wa vitabuni anaruhusiwa kupenda kitu kwa sababu anakipenda tu, anaruhusiwa kukosea na kujaribu tena, ilhali msichana lazima ailipie ruhusa hiyo kwa tendo la kishujaa ambalo hata mtu mzima angelishindwa. Mtoto wa kike anayesoma hadithi kumi za namna hiyo anajifunza kwamba akiwa wa kawaida, hana haki.

Wala si kweli kwamba maisha yetu yamekosa hadithi bora kuliko hiyo. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana ya Tanzania, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakafungwa 4–0 na Japani katika mechi ya kwanza, wakaifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, wakaingia robo fainali na kutolewa na Kolombia. Hawakuokoa kijiji, walifungwa vibaya, wakarudi uwanjani. Nionyesheni kitabu cha picha ambamo msichana anafungwa mabao manne na bado ukurasa unaofuata ni wake.

Kuna jambo jingine, na hapa najua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Waandishi wengi wanadhani msichana hawezi kuwa jasiri mpaka adharau mambo ya wanawake, kwa hiyo shujaa wao anaikataa khanga, anaichukia ngoma, na tunaambiwa kwa kumsifu kwamba yeye si kama wasichana wengine. Wasichana wengine ni akina nani, kama si mabinti zetu wanaosomewa? Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma hapa Dar es Salaam kabla ya kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwavuta wanawake chamani, aliwafuata katika vikundi vyao vya ngoma. Nguvu yake ya kisiasa ilitoka katikati ya wanawake wenzake. Mwandishi anayemchora shujaa wa kike akiwa peke yake, akizungukwa na wanawake waoga na wambea, anapotosha historia yetu.

Kuhusu mama ambaye hatoki jikoni na baba ambaye hanyanyuki kitini katika vitabu hivyohivyo vya usawa, sitasema mengi, kwa sababu kila mzazi ameliona.

Najua nitajibiwa kwamba vitabu vya Kiswahili vya watoto ni vichache na tushukuru kwa hivi vilivyopo. Siukubali utetezi huo. Uchache wake ndio unaoyafanya makosa yawe mazito, maana mtoto mwenye vitabu vitatu nyumbani anavirudia hadi avikariri, pamoja na ile picha ya kaka na spana.

Kwa hiyo nauliza waziwazi, na naomba wachapishaji na wachoraji waliomo humu wajibu kwa majina ya kazi zao. Je, mwandishi huonyeshwa michoro kabla kitabu hakijakwenda mtamboni, au hukutana nayo dukani kama sisi? Na Taasisi ya Elimu Tanzania, inapopitia kitabu kinachoombewa ithibati ya kutumika shuleni, je, kuna mtu anayepewa jukumu la kufunika maandishi na kuangalia katika picha peke yake nani ameshika kifaa na nani amesimama akitazama?