Baa za mishikaki ya kukaanga Osaka: mgeni anapewa menyu ya seti tu, bei za haki ziko ukutani kwa Kijapani

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mlioko Japani, na mnaopanga kuja, someni hii kabla hamjaingia kwenye baa za Shinsekai, hapa Osaka, chini ya mnara wa Tsutenkaku.

Kwa wasioijua, kushikatsu ni mishikaki midogo: ng'ombe, kamba, kitunguu, yai la kware, mzizi wa yungiyungi, hata tangawizi ya siki. Inachovywa kwenye uji wa unga wa ngano, inaviringishwa kwenye chenga laini za mkate, inazamishwa kwenye mafuta ya moto. Ni chakula cha vibarua, na Shinsekai ndiyo kwao. Unaagiza kijiti kimoja kimoja, unakula cha moto, unaagiza kingine. Ukishiba unalipa unaondoka. Raha yote iko hapo, na hicho ndicho walichotunyima.

Shemeji yangu amekuja kutoka Dar, nikataka aonje kitu cha huku. Tumekaa tu, tukawekewa menyu ya Kiingereza yenye picha: seti ya vijiti kumi, yen 2,400 kwa kichwa, basi. Mimi Kijapani nakisoma. Ukutani juu ya kikaango kumebandikwa vipande vya karatasi: kitunguu 130, mzizi wa yungiyungi 130, ng'ombe 150. Nikasema kwa Kijapani, adabu zote, naomba niagize hivyo vya ukutani. Jamaa akajibu hivyo ni vya wateja wa kila siku. Kwa hiyo anayekuja mara moja halali yake ni kukamuliwa?

Shemeji hali nguruwe, na kwenye seti vijiti vitatu ni vya nguruwe. Nikaomba wabadilishe waweke mboga, ambayo kwao ni rahisi zaidi. Wakakataa. Nimevila mimi ili visitupwe, yeye amelipiwa kumi amekula saba.

Na vilivyokuja ni aibu. Vyote kwa mpigo kwenye trei moja, wakati mafuta yanachemka hatua mbili kutoka tulipokaa. Nilipouma kamba, ganda la chenga likavuka lote kama soksi, ndani kamba wa baridi, maji yanachuruzika. Hicho kilikaangwa mapema kikapashwa moto. Mtu wa pembeni yetu, mwenyeji, alikuwa anawekewa viwili viwili vinavyofuka moshi. Tumekaa tunaangalia.

Shochu sasa, ile pombe kali ya Kijapani. Niliagiza ya viazi vitamu ya Kagoshima, ya maji moto. Inayotoneshwa (yaani kuchemshwa na kukusanya mvuke wake) mara moja tu inabaki na harufu ya kiazi, na ukitangulia maji moto kisha ukamiminia shochu, harufu inapanda yenyewe hadi puani. Ile inayotoneshwa mfululizo haina harufu, wanachanganyia soda na limau, na ni ya bei ya chini. Nimemwona mhudumu kwa macho yangu akiikamua yangu kutoka kwenye chupa kubwa la plastiki lenye pampu, halafu akajazia maji ya moto juu. Haina hata chembe ya kiazi. Yen 750!

Bili ndiyo imenimaliza. Kuna "ada ya kukaa" yen 600 kila mtu, haijaandikwa popote kwenye menyu tuliyopewa. Kuuliza ni ya nini, naonyeshwa bakuli la kabichi mbichi. Ada ya aina hiyo kwenye baa za huku ipo, sikatai, lakini kabichi kwenye kushikatsu kwa desturi ni bure. Seti mbili, kabichi, shochu moja, chai moja ya oolong ya 450: 7,200. Juu yake wakapachika kodi ya asilimia 10, ikawa 7,920. Tangu Aprili 2021 sheria ya Japani inataka bei anayoonyeshwa mteja iwe na kodi ndani. Nikawaambia. Kimya, mkono umenyooshwa unasubiri hela. Nimelipa kwa sababu shemeji alishaona haya, akaniambia kaka tuondoke.

Risiti ninayo na picha ya ukuta ninayo. Jumatatu napiga 188, simu ya malalamiko ya walaji, nikiwa na vyote mkononi. Aliyewahi kuwapigia kwa jambo kama hili aniambie wanataka vielelezo gani. Na anayejua baa Osaka inayomuuzia kila mtu kijiti kimoja kimoja, vya moto, bei moja, aiweke hapa. Shemeji bado yupo, nataka ale vizuri kabla hajapanda ndege.