MJADALA: Wabeba mifuko wa gofu enzi za mkoloni, waingie kwenye historia ya klabu au la?

Mleta mada

Mbukwenyi wakuu. Juzi kijiweni hapa Dodoma tulibishana kuhusu historia ya gofu huku kanda ya kati. Mwenzetu mmoja akasema historia ya klabu ni ya wanachama waliokuwa kwenye daftari, waliobaki ni vibarua, walilipwa wakaenda zao. Neno hilo nimeshindwa kulimeza.

Mji huu umeota kwenye reli ya Wajerumani, mwaka 1907. Baadaye Waingereza wakashika Tanganyika, maofisa wao wakaja na klabu zao. Mwafrika kwenye klabu ya Wazungu hakuwa mwanachama. Aliingilia mlango wa jikoni, au alikuwa uwanjani na mfuko wa fimbo begani.

Na uwanja wenyewe! Mvua za huku ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, zote za miezi michache. Kiangazi nyasi hazikai. Ndiyo maana sehemu kame kama hizi, pale penye shimo la kutumbukizia mpira palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili, usipeperushwe na upepo. Babu yangu mzaa mama aliifanya kazi hiyo ujanani. Alitusimulia kwamba wachezaji wakishasogea, yeye anaburuta gunia juu ya mchanga, anaanzia shimoni anazunguka kuelekea nje, mpaka nyayo zote zifutike. Jioni anarudi nyumbani miguu myeusi ti hadi vifundoni. Gunia lile lisipoburutwa, wanaofuata hawachezi. Huyo naye si wa klabu?

Mchangiaji

Mkuu, heshima kwa babu, lakini uanachama ni ada na kura. Yeye alinyimwa vyote viwili. Mkimwandika pamoja nao, wajukuu watadhani walikuwa familia moja. Ubaguzi mtakuwa mmeufunika wenyewe.

Mleta mada

Hapo umenigusa, ndugu yangu. Kumwita mwanachama itakuwa uongo, nimekubali. Basi aandikwe kwa kazi yake, na iandikwe wazi kwamba mlango alifungiwa. Ila asiachwe nje ya kitabu.

Wazee hawa waliobaki wamepita miaka 80. Mwenye babu au mjomba aliyefanya kazi hizo, awe Dodoma, Kondoa au Singida, amuulize wiki hii hii: alilipwa shilingi ngapi, alikula wapi mchana, na kama naye aliwahi kupiga mpira, alipiga kwa fimbo ya nani.