Ndege imegongwa Luano, eti tungoje Toulouse?

Mama Vitenge, L'shi (Lubumbashi): Jamani, mzigo wangu umekwama uwanja wa ndege wa Luano. Gari la mizigo liligonga Airbus karibu na mlango, pakabonyea kidogo tu. Mafundi wapo, nyundo zipo! Eti tungoje Airbus wenyewe, waliounda ndege, kule Toulouse, Ufaransa: wataona nini toka kule?

Fundi Kampemba: Nyundo tena, mama! Kila ndege ina kitabu cha matengenezo. Mbonyeo ukizidi kipimo cha humo, fundi hajiamulii. Anapima kina, upana, umbali hadi ribiti (pini inayoshika mabati) ya karibu, anapiga picha, anatuma. Airbus ina wahandisi wa zamu usiku na mchana kwa ndege zilizokwama. Wanapiga hesabu, wanarudisha maelekezo ya kurekebisha.

Mama Vitenge, L'shi: Bure, papa?

Fundi Kampemba: Inategemea mkataba. Kinachouma ni kipuri kikihitajika: forodha yetu unaijua.