Dar es Salaam hadi London si saa 10: acheni kuwapotosha wasafiri

Ndugu wanajamvi,

Nimekerwa, na nitasema wazi. Mtu akiuliza mtandaoni safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi London inachukua muda gani, anajibiwa bila kusita: kilomita 7,500, saa 10. Umbali huo ni sahihi. Muda ni hesabu ya mezani, kwa kuwa tovuti hizo huchukua njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, zikaigawa kwa mwendo wa kilomita mia nane na kitu kwa saa, zikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kisha zikaliita jibu hilo muda wa safari, hata pasipo ndege inayopita njia hiyo.

British Airways ilisitisha safari zake za moja kwa moja kati ya miji hii mwaka 2013, na tangu hapo wasafiri wetu wamezoea kuunganisha ndege Dubai, Doha, Addis Ababa, Istanbul au Amsterdam. Anayepitia Dubai huruka takriban kilomita 4,000 za kwanza, halafu 5,500 nyingine. Hizo ni kilomita 2,000 zaidi ya alizoambiwa, na bado hatujagusa saa za kusubiri uwanjani. Isitoshe, ile njia fupi inakatiza juu ya Sudan na Libya. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa kwa ndege za abiria, na zinazotoka kwetu kwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakala wa tiketi, ambaye ndiyo kazi yake, alimsomea mama yangu namba hiyo hiyo ya saa 10. Mama ana kisukari. Alipanga chakula na dawa za mkobani kwa saa alizotajiwa, akajikuta safarini kwa zaidi ya saa 20, nyingi kati yake akiwa ameketi kwenye kiti cha uwanja wa ndege wa ugenini asikojua hata pa kuuliza. Nilipolalamika, wakala alinionyesha tiketi na kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kana kwamba hajui kuwa kila saa imeandikwa kwa majira ya mji wake, na kwamba London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa kiangazi. Kwa hesabu yake, saa hizo zilipotea tu. Huo ni uzembe, na mgonjwa ndiye anayeulipia.

Ninachodai ni kidogo. Tovuti ziandike kando ya kila namba kama ipo ndege ya moja kwa moja au haipo. Mawakala nao wamtajie abiria, kabla hajalipa, jumla ya saa kuanzia kupaa kwa ndege ya kwanza hadi kutua kwa ya mwisho, pamoja na muda atakaokaa akisubiri na mahali atakaposubiri.